Mleta mada apewe rungu la kufuta michango kwenye uzi wake? Mimi nasema apewe. Nipingeni

Mwana Ilula #1

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna jambo limenikaa kooni wiki ya tatu sasa. Mwezi uliopita nilianzisha uzi kule kwenye jukwaa la kilimo. Nyanya zangu zilikuwa zinaoza kitako. Tunda linaanza vizuri kabisa, likifika ukubwa wa yai la kuku upande wa chini unaingia kama maji, halafu doa jeusi, halafu panabonyea. Ukilikata, ndani ni ngozi kavu nyeusi. Robo tatu ya eka, hela ya mkopo. Nikaweka picha nne na kuuliza kistaarabu: nifanyeje?

Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili akaja muuza dawa na namba yake ya simu, akaibandika mara sita. Wa tatu mtu akaona jezi niliyovaa kwenye picha ya pili. Kuanzia hapo mpaka ukurasa wa nane ni Simba na Yanga. Nyanya zinaoza, watu wanabishana penalti ya mwaka juzi. Wa tisa akaja ndugu mmoja, simtaji maana yumo humu na anasoma, akaniita "mkulima wa simu". Niliripoti michango kama kumi na tano. Wasimamizi walifika siku ya nne, wakaufunga uzi mzima. Yaani aliyeadhibiwa ni mimi mwenye shida.

Hoja yangu ni hii. Uzi ni wangu, nimeuleta mimi, picha nimepiga mimi, usiku nimekesha nao mimi. Nijuaye nani kaja kusaidia na nani kaja kuchafua ni mimi. Wasimamizi ni wachache, wana kazi zao, na nyanya hawazijui. Mleta mada apewe kitufe cha kufuta. Anayeona kaonewa akafungue uzi wake, uwanja ni mpana.

Povu ruksa, ila jibuni hoja.

Tikitaka #2

Kwanza jezi ilikuwa ya nani?

Msomaji Kimya #3

Nimeweka kambi.

Kahawa Chungu #4

Ndugu yangu wa Ilula, pole kwa shamba.

Mie nimekulia Ng'ambo, Unguja. Nyumba yetu ilikuwa na baraza la saruji mbele, refu, limeshang'aa kwa makalio ya watu. Baada ya Alasiri wanakuja wazee, anapita muuza kahawa na deli lake, vikombe vinagongana, mazungumzo yanaanza. Marehemu babu ndiye mwenye nyumba na mara nyingi ndiye mwenye kuanzisha khabari. Basi sikumbuki hata siku moja kumsikia akimwambia mtu "ondoka barazani kwangu". Na si kwamba hakuna waliomkera. Alikuwepo mzee mmoja kazi yake kupinga. Babu akisema mwaka huu karafuu zitazaa, yule atasema hazizai. Karafuu zikizaa, atasema si sana.

Babu alichokuwa akifanya ni kugeuza mazungumzo. Mtu akianza kuvuka mipaka, babu anamwita muuza kahawa: "Hebu mimina hapa." Kikombe kinapita, kimya kidogo, mtu wa pili anauliza jengine. Yule aliyevuka mpaka anajua. Akizidi khasa, wenzake wa rika lake ndio watakaomvuta kando wamwambie. Mwenye nyumba haingii. Kwa sababu angeingia yeye, ingekuwa ni ugomvi wa nyumba na mtu, na baraza lingevunjika.

Mwenye baraza akianza kuwafukuza wanaomkera, mwezi haumaliziki atakuwa kakaa na paka.

Haki moja anayo, nayo ni kuingia ndani na kufunga mlango. Yaani uzi wako ukikuchosha, uwe na uwezo wa kuufunga mwenyewe. Lakini kuchagua huyu akae, huyu ainuke, hapana.

Mwana Ilula #5

Shehe, nimekuelewa na umenikumbusha babu yangu pia. Ila barazani watu wanajuana. Yule mzee mpinzani akimtukana babu yako, kesho atakutana na bibi yako Darajani anachagua samaki. Aibu ipo. Hapa mimi najibizana na mtu anayeitwa Tikitaka. Nikamsemee kwa nani?

Tikitaka #6

Kwa mama yangu, nikupe namba?

Wakili Bila Joho #7

Mwana Ilula, hoja yako ina mvuto lakini hujaona kilichofungwa kwenye mkia wake. Ukiomba rungu, unapewa na lawama za rungu.

Ufaransa kuna mwanasiasa anaitwa Julien Sanchez. Mwaka 2011 alikuwa mgombea ubunge, akaandika kwenye ukurasa wake wa Facebook maneno ya kumkejeli mpinzani wake. Yale maneno yake hayakuwa na kosa. Lakini chini yake wakaja watu wawili wakaandika matusi ya chuki dhidi ya Waislamu wa mji wa Nîmes. Sanchez hakuandika hata neno moja kati ya hayo. Mmoja wa wale wawili alifuta mchango wake kabla hata saa 24 hazijaisha. Mahakama ikamtia hatiani Sanchez pamoja nao mwaka 2013, faini euro 4,000, rufaani ikashuka hadi 3,000. Akapanda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Tarehe 15 Mei 2023 jopo kubwa la majaji likaamua, 13 kwa 4, kwamba Ufaransa haikumvunjia haki yake. Sababu kubwa: ukuta ni wako, ulikuwa wazi kwa kila mtu, uwezo wa kufuta unao, na mwanasiasa kwenye kampeni anatakiwa kujua kinachoandikwa mlangoni kwake.

Umeona ilivyo? Sanchez hakutiwa hatiani kwa alichoandika. Alitiwa hatiani kwa kitufe alichokuwa nacho na hakukibonyeza.

Sasa njoo kwetu. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za Tanzania za 2018 zilimpa mwenye jukwaa saa 12 za kuondoa kitu akishaambiwa hakifai. Za 2020 zikabana mpaka saa 2. Huyo ni mwenye jukwaa, ana leseni, ana watu wa zamu. Wewe uko bondeni unamwagilia, simu iko nyumbani inachaji. Mtu kaandika upuuzi kwenye uzi wako saa nne asubuhi. Mkishagawana rungu, atakuja mtu kuuliza ni nani alikuwa na uwezo wa kuondoa na hakuondoa. Unadhani jina lako halitasomwa?

Sisemi sheria yetu leo inasema hivyo kwa mleta mada. Nasema usiikaribishe.

Mzee wa Vumbi #8

Wakili umemtisha mkulima wa watu mpaka atauza shamba.

Fundi Seva #9

Nimefurahi Wakili ameanza, maana hili jambo lina historia na watu hulijadili kana kwamba limezaliwa juzi.

Marekani, mwaka 1991, kampuni moja iitwayo CompuServe ilishtakiwa kwa uongo ulioandikwa kwenye jukwaa lake. Ikashinda. Hakimu alisema hawa ni kama duka la vitabu, hawasomi kila ukurasa kabla ya kuuza. Mwaka 1995 kampuni nyingine, Prodigy, ikashtakiwa New York kwa jambo la namna hiyohiyo. Ikashindwa. Tofauti? Prodigy walijitangaza kuwa wao wana adabu. Walikuwa na programu ya kuchuja matusi na viongozi wa majukwaa waliopewa uwezo wa kufuta. Mahakama ikasema: kama unafuta, basi wewe ni mhariri, na mhariri anabeba gazeti lake. Yaani aliyefagia uwanja ndiye aliyelipishwa takataka, na aliyeacha uchafu akaenda zake. Mwaka uliofuata, 1996, Bunge lao likatunga kile kifungu maarufu cha 230 kuondoa huo upuuzi, ili mtu asiadhibiwe kwa sababu amejaribu kusafisha.

Hiyo ni sheria. Sasa niwape ya mkononi.

Miaka ya nyuma niliendesha jukwaa dogo la watu tuliosoma pamoja sekondari. Watu mia na kidogo, seva ya bei ya chee, mimi ndiye fundi na msimamizi na mlipaji. Nikachoka. Nikafanya hilihili analoomba Mwana Ilula: kila mleta mada akapewa kitufe cha kufuta kwenye uzi wake. Nilidhani nitalala.

Siku ya tatu mtu akafungua uzi kuhusu michango ya mwenzetu aliyefiwa. Mwingine akauliza ile hela ya msiba uliopita ilibaki kiasi gani. Akafutwa. Aliyefutwa hakunyamaza, akafungua uzi wake: "Kwa nini nimefutwa." Mwenye uzi wa kwanza akaja kujitetea kule, naye akafutwa. Akarudi akafungua wa tatu. Kufika Ijumaa jambo moja lilikuwa na nyuzi sita, kila mmoja una ukweli nusu, na mimi ninapigiwa simu na pande zote mbili usiku. Ile kauli ya "anayeonewa akafungue uzi wake" ndiyo iliyoniua. Inaonekana kama suluhisho. Mle ndani kila mtu akawa mfalme wa kibaraza chake na hakuna hata sehemu moja ya wote kukutana.

Nikakiondoa kitufe siku ya kumi. Na waliokasirika zaidi nilipokiondoa ni wawili tu, ambao ndio walikuwa wamekitumia zaidi.

Kuna tovuti ya zamani ya mafundi, Slashdot, iliyolifikiria hili vizuri kuliko wengi. Pale wasomaji wa kawaida walipewa pointi chache, tano hivi, za kupandisha au kushusha michango ya wenzao. Lakini kulikuwa na sharti: ukishachangia kwenye mjadala fulani, huruhusiwi kupima michango ya mjadala huo. Na ukipima kwanza halafu ukachangia, vipimo vyako vyote vinafutika. Walielewa kitu ambacho sisi tuna methali yake tayari, kesi ya nyani usimpe ngedere.

Tikitaka #10

Mkuu Fundi, sekondari gani hiyo? Isije ikawa yetu.

Fundi Seva #11

Sitaji. Hela ya msiba bado haijajulikana iliko.

Buda wa Likoni #12

Mimi naongea na nyinyi kutoka ng'ambo ya feri, Mombasa. Hii ya Fundi imenikumbusha kikundi cha WhatsApp cha harusi ya binamu yangu.

Kikundi kilianza na kamati, mwishowe tukawa watu themanini na kitu. Admini ni bwana harusi mwenyewe. Siku moja shangazi akauliza kwa upole tu, hema limelipiwa ngapi, maana yeye ametoa mchango wa hema na ameambiwa na mwenye hema kitu kingine. Dakika mbili, ujumbe umeenda. Lakini WhatsApp ina adabu moja: admini akifuta cha mwenzake, panabaki alama kwamba kimefutwa na admini, na jina lake liko hapo. Kwa hiyo sote tukaona kaburi. Jioni makaburi yalikuwa manne. Hakuna aliyejua kilichozikwa, lakini kila mtu alianza kuhesabu. Michango ilikauka siku ileile. Shangazi hakusema tena. Alituma tu kile kijikaragosi cha mikono iliyokunjwa.

Baadaye ikajulikana bei ya hema ilikuwa sawa kabisa, mwenye hema ndiye alikosea. Kama ule ujumbe ungeachwa na kujibiwa kwa mstari mmoja, yangekwisha. Harusi ilifanyika, alhamdulillahi, lakini pilau ilikuwa ya kuhesabu nyama.

Nachotaka kusema, kaka, mwenye jambo ndiye mbaya zaidi wa kupewa kufuta, hata akiwa mtu mzuri. Binamu yangu si mwizi. Alikuwa tu amechoka na anaona kila swali ni shambulio.

Mwana Ilula #13

Mnanishambulia kwa zamu. Sawa. Lakini hakuna aliyenijibu kuhusu muuza dawa na penalti. Hao ndio walioua uzi wangu. Mnazungumzia maswali ya hela za watu, mimi nazungumzia mtu aliyebandika namba ya simu mara sita.

Bi Kufuli #14

Wanangu, mimi ni mshika ufunguo wa kikoba chetu mwaka wa tano, ndiyo maana ya jina.

Sanduku letu lina kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu tofauti, na kwetu mwenyekiti hashiki hata mmoja. Sanduku lenyewe linalala kwa mwingine. Likifunguliwa, linafunguliwa mbele ya wote, tunahesabu kwa sauti. Mwanzoni wanawake walilalamika kwamba ni usumbufu, mtu ana mgonjwa, anataka mkopo wa dharura, mshika ufunguo kaenda Msamvu kupokea mgeni. Usumbufu ni kweli. Lakini miaka mitano hatujagombana kwa hela, na ninyi mnajua vikoba vingapi vimevunjika.

Sasa pembeni kuna mtunza nidhamu. Huyu hana habari na sanduku. Kazi yake ni faini za papo hapo: umechelewa, simu yako imelia kikaoni, umemkatiza mwenzako, mia tano mezani. Hasubiri kikao cha wenye funguo. Na asipotoza kwa haki, wiki ijayo anatozwa yeye, nimeona kwa macho yangu.

Kwa hiyo mimi naona mnachanganya mambo mawili. Anayebandika tangazo mara sita ni wa mtunza nidhamu. Anayekuambia neno usilolipenda ni wa sanduku. Huyo wa pili mtu mmoja asimguse, awe mleta mada, awe msimamizi. Wapatikane watatu.

Mzee wa Vumbi #15

Bi mkubwa umeupiga mwingi.

Shamba Darasa #16

Nimesubiri nione kama nitatajwa kwa jina. "Ndugu mmoja simtaji." Ni mimi.

Nilikuita mkulima wa simu, na nakuomba radhi kwa hilo, nilikuwa nimetoka kusoma kurasa sita za penalti nikitafuta swali lako. Lakini mchango wangu ulikuwa na sentensi tano, hiyo ilikuwa ya kwanza. Nne zilizobaki nazikumbuka: acha kupiga dawa ya ukungu, huo siyo ukungu. Hiyo ni madini ya chokaa (kalsiamu) kushindwa kufika kwenye tunda kwa sababu maji yako hayana mpangilio, unaacha siku nne udongo unapasuka halafu unafurika siku ya tano. Mwagilia kidogo kidogo kwa siku zilezile, weka matandazo ya nyasi kavu udongo usikauke haraka. Na punguza urea, unakuza majani.

Nilijuaje maji yako? Picha yako ya tatu. Nyufa za udongo pembeni ya shina zinaingia kidole, na mfereji nyuma umejaa.

Sasa nikuulize mbele ya wadau, na ujibu kama mwanaume. Ungekuwa na hicho kitufe siku ile, ungenifuta?

Msomaji Kimya #17

Hapa ndipo nilipokuwa napasubiri.

Mwana Ilula #18

Nimekaa na swali lako tangu jana usiku.

Ningekufuta. Tena kabla ya kufika sentensi ya pili.

Na acha niseme lililo baya zaidi. Ukurasa wa kwanza, ule niliousifia kwamba ulikwenda vizuri, kuna mtu alianza na "hongera sana mkuu kwa kujituma, vijana wangekuwa kama wewe". Akanishauri dawa ya ukungu, nipige kila baada ya siku saba. Huyo nilimshukuru mara mbili. Nilipiga mara tatu. Hela ya dawa, hela ya kijana wa bomba, wiki tatu zimekwenda, nyanya zinaendelea kuoza. Huyo nisingemfuta kamwe, ningembandika juu kabisa kila mtu amuone.

Sentensi zako nne nilizisoma baada ya uzi kufungwa, saa saba za usiku, hasira zikiwa zimepoa. Asubuhi nikaenda kuangalia zile nyufa. Kidole kiliingia mpaka kiungo cha pili.

Sijahama hoja yangu yote, ila hiyo ya kufuta neno la mtu naiweka chini. Ya muuza dawa na ya penalti nabaki nayo.

Msomaji Kimya #19

Sasa naomba niongee, maana naona mnaelekea kukubaliana na mimi sijaridhika.

Mimi ni mwanamke. Niliwahi kuanzisha uzi kuhusu mimba iliyonitoka nikiwa na miezi minne. Nilitaka kujua tu wengine walipona vipi, walirudi lini kazini, walimwambia nini mama mkwe. Wanawake saba wakanijibu vizuri. Halafu wakaja wanaume watatu. Sitarudia walichoandika. Nikaripoti. Nikakaa na ule ukurasa siku mbili nzima, kila nikifungua kusoma jibu la mwenzangu inanibidi nipite kwanza kwenye yale. Wale wanawake waliacha kuandika. Mmoja alinifuata pembeni akasema, "Dada, mimi siwezi kuongea pale."

Bi Kufuli, naheshimu kufuli zako. Lakini siku ile wenye funguo watatu wangu walikuwa wapi? Kahawa Chungu, babu yako alikuwa na wazee wa rika wa kumvuta mtu kando. Mimi sikuwa na mtu. Shamba Darasa, wewe ulikuwa na jibu nyuma ya tusi. Wale hawakuwa na chochote nyuma.

Mnabishana kuhusu uhuru wa anayejibu. Nani anahesabu waliokaa kimya?

Kahawa Chungu #20

Dada, pole sana. Sina la kukujibu kwa mfano wa baraza. Barazani penyewe, tukisema kweli, wanawake hawakuwa wakikaa.

Bi Kufuli #21

Mwanangu pole. Na umenishika pabaya, kwa haki. Kwetu mtu akimtukana mwenzake kikaoni mtunza nidhamu anamtoa nje ya mlango dakika hiyohiyo. Hafukuzwi uanachama, hilo ni la kikao. Ila hakai pale ndani akiendelea kutukana huku tukitafuta akidi. Wewe ulihitaji mlango siku hiyo.

Fundi Seva #22

Na mlango unatengenezeka. Niwaambie kama fundi.

Kufuta na kuficha ni vitu viwili. Twitter mwaka 2019 waliweka uwezo wa mwenye andiko kuficha majibu. Jibu linaondoka mbele ya macho, lakini halifi: kuna alama pembeni, anayetaka anabonyeza analiona. Yaani mwenye uzi anapata pumzi, na anayedai kaonewa ana ushahidi wake palepale. Ukificha ovyo, watu wanaona umeficha nini, aibu inarudi kwako. Ile aibu Mwana Ilula aliyosema haipo mtandaoni, hapo inarudi kidogo.

Stack Overflow, ile ya waandika programu, muulizaji hana uwezo wa kufuta jibu la mtu hata moja. Alicho nacho ni tiki moja ya kijani: hili ndilo lililonisaidia. Na anaweza kubadili mawazo akaihamisha. Hata swali lake mwenyewe, likishapata jibu ambalo wengine wamelipigia kura, hawezi kulifuta akaondoka nalo, maana si lake peke yake tena. Fikirieni hilo. Mwana Ilula angetoa tiki kwa yule wa "hongera mkuu", halafu wiki tatu baadaye angeihamishia kwa Shamba Darasa, na mwenye nyanya zinazooza mwakani angeliona jibu bila kupita kwenye penalti.

Kwa hiyo kama ningejenga leo: mleta mada afiche papo hapo, bila kuomba ruhusa, na jina lake libaki pale kama kwenye kaburi la Buda. Ahamishe michango ya mpira kwenda jukwaa la mpira. Atoe tiki. Afunge mlango akichoka. Kufuta kabisa kubaki kwa wasimamizi, watatu kama funguo.

Na wasimamizi walipwe, au angalau wapewe zamu, maana kazi ya kusoma matusi kutwa inaumiza. Daniel Motaung alikuwa akichuja maudhui ya Facebook kwa mkataba pale Nairobi. Mwaka 2022 aliishtaki Meta pamoja na Sama, kampuni iliyomwajiri. Alikuwa akitazama yale ambayo nyie hamkuyaona kwa sababu yeye aliyaona kwanza.

Wakili Bila Joho #23

Fundi, kwenye kuficha nakubali, ila onyo langu linabaki. Kuficha nako ni kitufe. Sanchez angeulizwa kwa nini hakuficha. Nitaunga mkono iwapo jukwaa litaandika wazi kwenye masharti kwamba mleta mada ana hiari na si wajibu, na kwamba wajibu unabaki kwa mwenye leseni. Mkiandika hivyo na ikaja kesi, angalau tutakuwa na karatasi ya kushika.

Msomaji Kimya #24

Kuficha papo hapo kungenitosha mimi. Siku mbili ndizo zilizoniumiza, siyo wale watu wenyewe.

Tikitaka #25

Jamani nimesoma uzi wote kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Dada Msomaji, pole. Mwana Ilula, ile jezi niliianzisha mimi kule, samahani. Sikuona hata nyanya, niliona jezi.

Ila ilikuwa ya nani?

Mwana Ilula #26

Ya kaka yangu. Mimi mpira sifuatilii kabisa, niliivaa kwa kuwa ndiyo nguo ya shamba.

Shamba Darasa #27

Umekwepa la muhimu. Nyanya?

Mwana Ilula #28

Namwagilia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, alfajiri, ndoo kwa ndoo. Nyasi nimeweka mistari kumi na miwili, iliyobaki nyasi ziliniishia. Jana nimechuma matenga tisa. Kwenye ile mistari kumi na miwili zilizooza nilizihesabu, hazijai sado. Kule ambako sijaweka nyasi bado zipo. Nitaweka picha leo jioni, na jezi naivua kwanza.